Fundo la Mwanamisi

"Fundo kavu humngoja samaki mkubwa." Vijana wa gati la Shimoni walilisikia neno hili kwa Bi Mwanaiki, wakamwuliza limetoka wapi. Akaweka kikombe chake chini, akawaambia methali hii ilianza hivi.

Nahodha Mwinyihaji aliendesha boti ya kuwapeleka wageni kuvua sulisuli, samaki mkubwa wa bahari kuu. Miaka yote alimtafuta samaki, akishapatikana humpa mgeni ufito wa kuvulia amvute. Yeye mwenyewe hakuwahi kukalia kiti cha kuvulia. Moyo wake ulipochoka na daktari akamkataza bahari, mwenye boti alimwambia, "Nenda safari moja ya mwisho, nahodha. Leo mgeni ni wewe."

Bintiye, Mwanamisi, ndiye aliyemfungia ndoana. Wavuvi wa pale hulilowesha fundo kwa mate kabla ya kulikaza, maana mshipi wa nailoni ukikazwa mkavu huungua kwa kujisugua. Lakini ulikuwa mwezi wa Ramadhani, na Mwanamisi aliogopa kutia mshipi wenye chumvi mdomoni. Ndege walikwisha kuanza kupiga mbizi, ishara ya samaki, baba anahimiza. Akalikaza hivyo hivyo, kavu.

Akaja nguru, fundo likashika. Akaja mwingine, likashika. Mwanamisi akalisahau.

Kisha maji yakapasuka, sulisuli akaruka.

"Baba, usimwachie!"

"Nimwachie nani? Huyu nimemngoja tangu sijamjua mama yako!"

Mzee alicheka kama mtoto huku jasho likimtiririka. Akavuta, akapumzika, akavuta tena, hata samaki akafika ubavuni mwa boti, mgongo wa buluu unang'aa. Mwanamisi akanyoosha mkono amshike. Mshipi ukalegea.

Mzee aliuvuta mpaka ncha ikamfika kiganjani. Ilikuwa imejikunja kama unywele uliopitiwa na moto.

"Fundo ulilitia mate?"

"Nina saumu, baba."

Aliitazama bahari, akamtazama binti. "Bahari yote hii, mwanangu, ukakosa tone?"

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika.

"Lakini nguru waliingia, baba. Wote wawili."

"Nguru hawakulidai kitu. Lilikuwa likimngoja huyu."

Akashuka kitini polepole, akashika usukani, wakarudi.

Idi ilipofika, Nahodha Mwinyihaji alikuwa kaburini. Watu walikwenda kumpa Mwanamisi pole, wakimwambia ni kudra, mishipi hukatika kila siku. Yeye aliwajibu neno moja tu, nalo ndilo tulilobaki nalo: fundo kavu humngoja samaki mkubwa.