Mto Aliouona Nakijwa

"Usiposimulia ndoto yako, utaishi ya mwenzio." Mmeisikia leo mkutanoni, wajukuu zangu, na mnataka kujua ilikotoka. Basi ilianza hivi.

Kijiji cha Kirongaya kimekatwa na mto katikati. Zamani wanakijiji waliitwa waamue zahanati ijengwe wapi. Mwenyekiti Senkondo, mtu mwema wa ng'ambo ya juu, aliwaeleza alivyoiona akilini: jengo jeupe kando ya barabara, upande wake. Akauliza, "Nani ana neno?" Kimya. Mikono ikanyoshwa, zahanati ikajengwa.

Nakijwa, mfinyanzi wa ng'ambo ya chini, naye alinyosha mkono. Masika yaliyofuata binti yake alishikwa na uchungu. Walipofika mtoni, maji yamefurika. Zahanati waliiona kwa macho. Mtoto alizaliwa palepale ukingoni, mvua ikinyesha, akafa kabla maji hayajapungua.

Baada ya miaka miwili ukaitishwa mkutano wa shule. Senkondo alipendekeza upande uleule. Mikono ilipoanza kuinuka, Nakijwa akasimama.

"Mwenyekiti, ngoja. Siku ile ya zahanati niliuona mto umejaa, na mtu amekwama. Nikajiambia, nani atamsikiliza mfinyanzi? Nikanyamaza."

Senkondo akainama. "Mama, mbona hukuniambia? Mimi mto siuvuki. Sikuufikiria kabisa."

"Ndiyo maana leo nasema. Kila mtu afumbe macho, amwone mwanawe akienda shule mwezi wa nne. Kisha aseme alichokiona."

Wengine walicheka. Lakini baba mmoja akasema anawaona watoto wameshika viatu mkononi, wanapima kina kwa fimbo. Mama mmoja akasema wake yuko nyumbani wiki ya pili. Mtu wa ng'ambo ya juu akasema anaona madarasa, nusu ya madawati hayana mtu. Wakabishana, wakasikilizana, hadi wakakubaliana: daraja kwanza, shule baadaye. Lilipojengwa, Senkondo alibeba mawe pamoja nao.

Jioni ya mkutano ule, njiani kurudi nyumbani, binti yake Nakijwa alimwuliza, "Mama, ungesema siku ile, mwanangu angekuwa hai?"

Nakijwa akajibu, "Sijui, mwanangu. Najua tu kwamba Senkondo alisimulia ndoto yake, mimi yangu nikaificha."

Akamshika mkono, akasema maneno ambayo Kirongaya yote iliyachukua: usiposimulia ndoto yako, utaishi ya mwenzio.