Hodi Ndani ya Ukuta

Hapo zamani, wala si zamani ya babu wa babu, ni zamani ya redio za betri na kanda, palikuwa na mji uitwao Chokaani. Mji ule ulikuwa na Liwali, na Liwali alikuwa na muhuri. Wimbo usiogongwa muhuri wake haukupigwa harusini, haukupigwa sokoni, haukupigwa hata jikoni. Aliyeupiga alichukuliwa. Ukiuliza kapelekwa wapi, unaambiwa, "Amesafiri." Ukiuliza mara ya pili, unasafiri na wewe.

Basi walikuwako watu watatu wenye bendi yao ya chini kwa chini. Kitwana alipiga msumeno na mabati. Nyamvula aliimba, lakini si kama waimbavyo wengine. Mara anaguna, mara anavuta pumzi mpaka udhani ukuta ndio unaopumua. Mbaruku alikuwa fundi redio, na mashine ya kurekodi ilikuwa yake. Muziki wao haukuwa taarabu, haukuwa dansi, haukuwa na jina. Walifanyia mazoezi ndani ya shimo kuukuu la chokaa, nyuma ya boma la Liwali, saa sita mchana, wakati kelele za soko zinafunika kila kitu.

Siku moja Kitwana alitangulia peke yake. Akapiga bati: pa, pa. Akanyamaza. Ukuta wa shimo, ule wa upande wa boma, ukajibu: ko-ko. Kimya. Ko.

Akajiambia ni mwangwi. Akapiga tena, safari hii mara tano. Ukuta ukajibu vilevile: ko-ko. Kimya. Ko. Mwangwi gani huo wenye mapigo yake? Ndipo akajua kwamba upande wa pili wapo watu. Ndio wale waliosafiri.

Akamwambia nani? Hakumwambia mtu. Aliogopa asije akasafirishwa na yeye. Lakini kila siku alitangulia, akagonga, akajibiwa. Siku ishirini.

Siku ya ishirini na moja wakarekodi. Mbaruku alipowasikilizisha kanda, Nyamvula akamshika mkono.

"Rudisha nyuma. Hicho kinachogonga chini ya sauti yangu ni nini?"

Kitwana akaanza kulia. Akasema yote.

"Naifuta," akasema Mbaruku. "Mji mzima unajua nani mwenye mashine. Watanijia mimi, si wewe. Nina mke, nina mapacha."

"Usifute leo," akasema Nyamvula. "Niachie niisikilize tena, kesho tutaamua."

Mbaruku akamwachia kanda, naye hakungoja kesho. Usiku uleule akaenda kwa binamu yake mwenye redio mbili za kanda, wakanakili kanda arobaini. Asubuhi akazisambaza sokoni: hii kwenye kapu la mihogo, hii chini ya khanga za kuuza, hii mkononi mwa kinyozi. Bila muhuri, bila jina, bila ruhusa ya wenzake.

Adhuhuri askari wakamchukua Mbaruku.

"Mlirekodi wapi?" Kimya. Wakampiga makofi ya masikio. "Wapi?" Kimya. Alijua akilitaja shimo, wale wa nyuma ya ukuta watamalizwa siku ileile. Wakampiga mpaka damu ikamtiririka shingoni. Hakusema.

Siku ya pili kanda ikamfikia Bi Sikudhani, mjane muuza uji. "Makelele gani haya?" akasema. Kisha akasikia: ko-ko. Kimya. Ko. Upawa ukamponyoka.

"Hodi ya Shaame! Mwanangu hubisha hivi tangu mdogo! Miaka mitatu mnaniambia kasafiri!"

Akatoka mbio sokoni akipiga mayowe. Nyamvula akamsikia, akapaza sauti, "Wako nyuma ya ukuta wa shimo la chokaa!" Watu wakashika sululu, wakashika mitaimbo, wakashika hata michi. Wangekuwa kumi, askari wangewapiga risasi. Walikuwa mia nane, askari wakavua kofia wakakimbia. Ukuta ukaanguka alasiri. Wakatoka watu saba, Shaame akiwamo, wamefumba macho, jua linawachoma. Wa nane alitolewa kwa machela, marehemu. Kabla ya magharibi Liwali naye alikuwa ametoroka, na Mbaruku akakutwa mahabusu yu hai, lakini hasikii hata radi.

Liwali alikuwa ameiacha siwa ya mji, ile pembe kubwa ya enzi, na siwa haishikwi na wawili. Atakayekabidhiwa atakuwa mkuu wa muziki wa Chokaani maisha yake yote. Watu wakasema apewe mmoja wa watatu wale.

Nyamvula akasimama. "Kama ningengoja ruhusa, kanda ingefutwa, na ukuta ungekuwa umesimama mpaka leo."

Mke wa Mbaruku akamrukia kwa maneno. "Ulimtoa mume wangu kafara bila kumuuliza! Ujasiri gani huo, wa mwili wa mwenzio? Aliyenyamaza akipigwa ndiye aliyewaokoa."

"Lakini yeye alitaka kufuta!" mtu akapiga kelele.

Mkewe akamwandikia Mbaruku maneno hayo. Akayasoma, akajibu kwa sauti kubwa mno, kama mtu asiyeisikia sauti yake mwenyewe. "Ni kweli. Nilitaka kufuta."

Kitwana hakudai kitu. Shaame ndiye aliyemsemea. "Tulikuwa tumekata tamaa. Huyu alitujibu kila siku. Asingejibu, tungeacha kubisha, na kanda isingekuwa na hodi yoyote."

Ndipo mjane wa yule wa nane akaja mbele, taratibu. "Siku ishirini alisikia. Mume wangu, wenzake wameniambia, alikufa siku ya kumi na saba. Huyu alisikia hodi yao, kisha akaenda zake nyumbani."

Kitwana akafunika uso. Watu wakaanza kusukumana, huyu akitaja jina hili, yule akitaja lile, na wengine walikuwa bado wameshika sululu zao.

Nanyi mnaonisikiliza, msiniangalie mimi. Yuko aliyejibu akaficha, yuko aliyefichua kwa shingo ya mwenzake, yuko aliyetaka kufuta kisha akatoa masikio yake. Je, nani alistahili siwa?