Ada ya Kivuli

Zamani sana, wanangu, wakati wanyama walikuwa bado wanafunga milango kwa komeo na kuazimana chumvi, palikuwa na mji uitwao Majabalini. Katika mji huo aliishi pimbi mmoja, jina lake Sikujua. Alikuwa mdogo wa umbo, mnene kidogo mashavuni, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa akili.

Nyumba ya Sikujua ilikuwa na chumba kimoja na jiko. Chumbani alilala yeye na watoto wake, wamebanana kama maharage kwenye ganda. Jikoni alilala mama yake mzazi, Bi Nyamizi, ambaye pango lake la ng'ambo ya korongo lilikuwa limeporomoka. Kila moto ulipowashwa, bibi kizee alikohoa, kho, kho, kho, mpaka machozi yakamtoka.

"Mama, njoo ulale chumbani, mimi nihamie jikoni," Sikujua alimwambia.

"Watoto watakulilia usiku kucha," Bi Nyamizi alijibu. "Niache hapahapa. Moshi unaniondolea viroboto." Akakohoa tena.

Masika yalikuwa yanakaribia. Sikujua alijua mvua ikianza, mlango wa jiko utafungwa kutwa na moshi utakosa pa kutokea. Akamtazama mama yake alivyokonda, moyo ukamuuma. Akaamua kuongeza chumba.

Sasa, pale Majabalini haikuwa ruhusa kuongeza chumba bila kibali. Sheria hiyo iliwekwa na mkuu wa mji, Mama Ndovu, baada ya ghala la mtu mmoja kuangukia nyumba ya jirani yake. Ilikuwa sheria nzuri. Mwenye kutaka kujenga alipeleka mchoro kwenye ofisi ya ujenzi, akalipa ada yake kwa mtama, akapewa kibali, ndipo akajenga. Aliyejenga bila kibali alibomolewa.

Ofisi hiyo iliongozwa na fisi mkubwa aitwaye Bwana Kingugwa. Mbomoaji wake alikuwa Kifaru. Kifaru hakuwa na roho mbaya, ila macho yake hayakuona mbali, na kila alichoagizwa alikifanya neno kwa neno. Akielekezwa ukuta, aliinamisha pembe, akaenda du, du, du, halafu puu, ukuta chini.

Sikujua akachora chumba chake kwenye gome la mti, akaenda ofisini.

"Jina?" aliuliza Bwana Kingugwa.

"Sikujua."

"Hukujua nini?"

"Nimekutajia jina langu, bwana."

"Hujui jina lako mwenyewe?"

"Nalijua sana. Ni Sikujua."

Bwana Kingugwa akasema, "Basi nitakuita Pimbi, yaishe. Unataka nini?"

"Kibali cha kuongeza chumba kimoja kidogo. Cha mama yangu."

"Leta kapu la mtama."

"La nini, bwana?"

"La kibali. Umekuja kutafuta kibali, au umekuja kunihoji?"

Sikujua akaenda nyumbani, akaleta kapu. Bwana Kingugwa akalimwaga ghalani kwake, shaaa, akarudi akijilamba midomo.

"Hilo lilikuwa la chumba," akasema. "Mlango hujaulipia."

"Chumba kisicho na mlango, mama ataingiaje?"

"Unaona? Ndiyo maana mlango unalipiwa."

Sikujua akaleta kapu la mlango. Akaambiwa kuna ada ya dirisha. Akaleta la dirisha. Akaambiwa fundi atatimua vumbi, na vumbi nalo lina ada yake. Kila alipouliza ni ya nini, Bwana Kingugwa alicheka kicheko chake kirefu na kusema, "Mambo ya ujenzi ni mazito, Pimbi. Wewe lipa tu."

Siku hiyo alirudi nyumbani kichwa chini. Jirani yake, Nungunungu, alikuwa amekaa juu ya kifusi kilichokuwa zamani jiko lake.

"Amekufikisha kwenye vumbi?" Nungunungu aliuliza.

"Nimetoka huko sasa hivi."

"Mimi alinitoza hata kwa kuziba paa linalovuja. Nilipochoka nikajenga jiko bila kibali. Nikasema, nani atajua?" Akapigapiga kifusi kwa mkono. "Kifaru alijua. Usifanye kama mimi, jirani."

"Sitafanya kama wewe. Lakini ghala langu linakwisha."

Kesho yake Sikujua akarudi ofisini akiwa na kapu la vumbi kichwani. Bwana Kingugwa alilipokea, akautazama mchoro, akageuza kichwa upande mmoja, akageuza upande wa pili. Alikuwa anatafuta, na akapata.

"Chumba hiki," akasema, "jua likitoka, si kitatupa kivuli?"

"Kila kitu hutupa kivuli, bwana."

"Na kivuli kitaangukia wapi?"

"Chini."

"Chini ni ardhi ya mji. Kwa hiyo kuna ada ya kivuli."

Sikujua aliaga kwa adabu, akatoka. Njiani hasira zilimpanda mpaka masharubu yakawa yanatetemeka. Lakini alipofika nyumbani na kumsikia mama yake, kho, kho, hasira zikashuka, zikawa mawazo. Akakaa mlangoni. Tembo mmoja alipita na mzigo wa kuni, na kivuli chake kikaifunika nyumba nzima, giza likaingia hadi jikoni.

Sikujua akainua macho. Akaanza kucheka peke yake.

"Unacheka nini?" Bi Nyamizi aliuliza kutoka ndani.

"Nimekumbuka kwamba sisi ni wadogo, mama."

"Na hilo linachekesha?"

"Leo linachekesha sana."

Asubuhi alikuwa wa kwanza kufika ofisini. Safari hii hakubeba kapu.

"Ada yangu iko wapi?" Bwana Kingugwa akauliza.

"Nitalipa, bwana. Lakini kwanza nimekuja kukupongeza. Usiku kucha nimeiwaza ile ada ya kivuli. Katika mji huu wote, nani mwingine angeigundua?"

Bwana Kingugwa alikuwa hajazoea kusifiwa. Akajiweka sawa kwenye kiti. "Hakuna," akasema.

"Hakuna kabisa. Ila nasikitika kitu kimoja. Unanitoza mimi, pimbi, mwenye chumba cha kivuli kama kiganja. Mtama utakaopata hapo hata kinu haujazi. Na kumbe mjini kumejaa vivuli."

Masikio ya Bwana Kingugwa yakasimama. "Endelea."

"Mimi sina la kuendelea, bwana, mimi ni mtu mdogo. Nilikuwa nawaza tu kwamba kama kivuli cha nyumba kinalipiwa, cha mwenye nyumba nacho kinaangukia ardhi hiyohiyo."

"Ni kweli," Bwana Kingugwa akasema taratibu. "Hata mimi nilikuwa naelekea huko."

"Nilijua tu. Na ukiwa umelifikiria hilo, basi bila shaka umeshafikiria kishindo pia. Anayekanyaga kwa kishindo si anatikisa misingi ya nyumba za watu?"

"Nimeshafikiria. Zamani."

"Na nyumba inayotoa harufu mpaka njiani?"

"Hiyo ndiyo niliyoanza nayo," Bwana Kingugwa akasema. Mate yalikuwa yanamdondoka. Alikuwa ameshaliona ghala lake limejaa hadi darini.

"Basi kilichobaki ni kutangaza. Ada ikitangazwa sokoni mbele ya watu wote, nani atakataa kulipa? Tena ingefaa asubuhi na mapema, wakati vivuli ni virefu."

Bwana Kingugwa akamwita Kifaru papo hapo.

Siku ya soko ilipofika, Nungunungu ndiye aliyepewa ngoma. Ndi, ndi, ndi. Wanyama wakakusanyika, wenye vikapu na wenye watoto mgongoni. Jua lilikuwa ndiyo kwanza limechomoza. Bwana Kingugwa akapanda juu ya jiwe, Kifaru akasimama kando yake.

"Watu wa Majabalini," alisema, "gharama za vibali vya ujenzi zimeongezeka. Kuanzia leo kila kivuli kitakachoangukia ardhi ya mji kitalipiwa, cha nyumba na cha mwenye nyumba. Kivuli kikubwa, ada kubwa. Kishindo kitalipiwa. Harufu ya nyumba italipiwa. Kifaru, usimwache mtu. Asiyelipa, bomoa nyumba yake."

"Nisimwache mtu," Kifaru akarudia, ili asisahau.

Sikujua akapenya katikati ya miguu ya watu, akafika mbele. Akakionyesha kivuli chake, akatoa konzi moja ya mtama kutoka kwenye kanga yake, akaiweka juu ya jiwe.

"Mimi nimelipa cha kwangu," alisema. "Sasa nawapisha wenzangu."

Kifaru akaanza kazi. Aliinamisha kichwa, akakifuata kivuli cha karibu naye kwa pua, kwa kuwa macho hayakumsaidia. Kivuli hicho kilikuwa kirefu. Kilipita mbele ya wauza viazi, kikapita kwa muuza chumvi, kikavuka kisima. Alitembea, akatembea, mpaka pua yake ikagonga mguu mnene kama nguzo.

"Huyu ana kivuli kikubwa kupita wote," Kifaru akasema kwa sauti. "Alipe mtama mwingi. Asipolipa nambomolea."

"Utanibomolea mimi, Kifaru?" ilisema sauti kutoka juu.

Alikuwa Mama Ndovu. Alikuwa amekuja kununua chumvi.

Bwana Kingugwa alitaka kushuka kwenye jiwe. Lakini Kifaru alikuwa hajamaliza alichoagizwa. Akanusa hewa. "Kuna nyumba inatoa harufu," akasema, akaifuata pua yake, watu nyuma yake, Bwana Kingugwa na Mama Ndovu wakiwa kati yao, mpaka kwenye nyumba ambayo uani mlikuwa na mifupa iliyorundikwa tangu kiangazi cha nyuma. "Ni hii hapa. Ni ya nani?"

"Ya Bwana Kingugwa," watoto wa Sikujua wakajibu kwa pamoja.

Kifaru akakuna shavu kwa jiwe. Kuna jambo lilikuwa linamjia polepole. "Bwana," akauliza, "na kishindo? Mwenye kishindo katika mji huu si ni mimi? Mimi nimlipe nani?"

Watu wakaanza kucheka, chini chini kwanza, kisha kwa nguvu. Mama Ndovu hakucheka. Alimsogelea Bwana Kingugwa.

"Mimi nilikukabidhi ada tatu," alisema. "Zitaje."

Bwana Kingugwa akaanza kuzitaja. "Ya kwanza, ada ya kukagua mchoro, tuone kama kuta zitasimama. Ya pili, ada ya ukubwa. Chumba kidogo, ada ndogo; nyumba kubwa, ada kubwa. Ya tatu, ya mkaguzi, aje autazame msingi kabla haujafunikwa, na paa kabla mtu hajalala chini yake."

"Na mlango?"

"Umo ndani ya ukubwa, mama."

"Na anayeziba paa linalovuja?"

"Hahitaji kibali. Anaziba tu."

"Ya kivuli?"

Bwana Kingugwa akamnyooshea kidole Sikujua. "Ni huyu. Huyu pimbi ndiye aliyenifundisha."

Macho yote yakamgeukia Sikujua. Alijibu bila kupepesa. "Mama, mimi nilimsifu tu. Ada ya kivuli aliigundua mwenyewe, akanitoza mimi kabla ya mtu yeyote. Nilikuwa nimeshalipa ya chumba, ya mlango, ya dirisha na ya vumbi, na kibali sijakiona. Kila nilipouliza ni ya nini, aliniambia nilipe tu. Nikaona nimsaidie aitangaze, wenye vivuli vikubwa nao wapate nafasi ya kuuliza."

"Mimi nilitozwa kwa kuziba paa," Nungunungu akasema, bado ameshika ngoma. Mwingine akasema naye alitozwa kwa kupaka chokaa. Mwingine akasema kwa kuhamisha kitanda.

Mama Ndovu akasikiliza wote mpaka mwisho. Kisha akaamuru ghala la Bwana Kingugwa lifunguliwe na kila mtu achukue kilichozidi. Bwana Kingugwa hakufukuzwa. Alipewa kazi ngumu kuliko kufukuzwa: kila siku ya soko apande juu ya lile jiwe, azitaje zile ada tatu kwa sauti, aeleze kila moja ni ya nini, na amjibu kila anayeuliza, hata mtoto. Na watoto wa Majabalini, wanangu, walikuwa na maswali mengi.

Kifaru alipewa udongo na maji akajenge upya jiko la Nungunungu. Alijenga vibaya mara ya kwanza, lakini baadaye akaipenda kazi hiyo kuliko kubomoa.

Sikujua alilipa ada zake tatu, hata nusu ya mtama aliorudishiwa haikuisha. Akapewa kibali, akaanza kujenga. Mkaguzi akaja, akautazama msingi, akasema jiwe la pembeni linalegea, wakalibadilisha. Wingu la kwanza lilipotanda juu ya Majabalini, Bi Nyamizi alikuwa ameshahamia chumbani kwake, amelala fofofo, na mlango wake wenyewe umefungwa.

Basi wanangu, ukitozwa kitu, uliza ni cha nini, kwa maana anayetoza kwa haki hachoki kujibu. Nami hapa nafunga mdomo, ninyi fungueni masikio kwa mengine.