Mgonjwa Aliyeomba Akalishwe

Kulikuwa na mpakizi mmoja wa ndizi, wapendwa, mtu wa miraba minne. Siku moja akateleza juu ya lori akaangukia mgongo. Uti wa mgongo ukaumia pale juu, nyuma ya kifua. Mikono ikabaki na nguvu zake, lakini kuanzia kifuani kushuka chini hakusikia tena kitu. Hata mkojo ukawa unatoka kwa mrija mpaka kwenye mfuko anaoufunga mguuni.

Basi wakatokea watafiti katika hospitali ya rufaa, wakitafuta watu wa namna yake ili wajifunze jinsi mwili unavyofanya kazi baada ya uti kuumia. Yule bwana akasema nitakwenda. Ndugu zake wakamjia juu.

Kaka yake akamuuliza, "Watakufanya utembee tena?"

"Hapana."

"Sasa unafuata nini huko?"

Akajibu, "Kaka, ule mwili wa zamani niliujua. Huu niliobaki nao siujui, na ndio nitakaoishi nao. Nakwenda kuujua."

Akaenda. Alikuwa akipakiwa kwenye pikapu ya kukodi, mvua ikinyesha anafunikwa turubai, lakini hakukosa. Wakampima presha akiwa amelala, wakampima akiwa amekaa, wakampima kibofu kikiwa kitupu na kikiwa kimejaa. Wakamweleza walichokiona. Wakasema, kibofu chako kikijaa kupita kiasi hutasikia, maana habari haifiki kichwani. Lakini mishipa ya huku chini inaipata, nayo inajikaza, na presha inapanda ghafla. Kichwa kitagonga, uso utawaka, jasho litakutoka usoni na shingoni. Ukiona hivyo usilale. Kaa wima, legeza nguo, tafuta kilichoziba mrija. Ukichelewa, mshipa unaweza kupasuka kichwani ukafa.

Je, ni neno gumu hilo? Mtoto wa shule angelielewa.

Ikafika Jumapili ya kuombea wagonjwa kwenye kanisa lao. Sasa ninyi mnajua desturi zetu. Mgonjwa hatuwezi kumwombea akiwa kwenye kiti chake, lazima tumlaze mbele, tumzunguke, tumwekee mikono, na wote tufumbe macho. Wakamtoa kwenye kiti cha magurudumu wakamlaza chali juu ya mkeka. Ule mfuko wa mkojo wakaufungua mguuni wakauweka pembeni, eti usionekane mbele ya madhabahu. Mzee wa kanisa akasogea karibu kabisa, kama mtu mwenye mzigo moyoni, akaanza kuomba. Huyu mzee alimpenda yule bwana. Hilo sitaki mlisahau.

Maombi yakawa marefu. Na asubuhi ile yule bwana alikuwa amekunywa uji wa kutosha. Mara kichwa kikaanza kugonga. Uso ukamwaka, jasho likamtiririka shingoni. Akajua mara moja ni nini, na akaogopa sana.

Akasema, "Mzee, nikalisheni."

Mzee hakufumbua macho. Akasema, "Tulia, mwanangu, Bwana anafanya kazi."

"Mzee, nakufa. Nikalisheni, mtazame mrija."

Mzee akawaambia watu, "Msimsikilize. Hiyo ni roho ya ukaidi inasumbuka. Kazeni maombi."

Wakakaza. Mikono ikamwelemea mabegani. Mke wake alikuwa upande wa akina mama, naye amefumba macho, analia na kuomba kwa bidii kuliko wote. Nani angemsaidia mtu huyu? Watu wote wanaompenda wako pale, na wote hawamwoni!

Lakini yule alikuwa mpakizi, mikono yake ilizoea mikungu. Akaisukuma ile mikono iliyomlemea, akajiinua kwa kiwiko, macho yakifanya giza. Akaufuata mrija kwa macho, kutoka kwenye suruali yake, ukapita kwenye mkeka, ukaingia chini ya kiatu. Kiatu cheusi, kimepigwa rangi vizuri. Akanyoosha mkono, akakamata kifundo cha mguu wa mzee wa kanisa, akauinua.

Mzee akapiga ukelele, "Amenishika!"

Mkojo ukashuka kwenye mfuko. Wakati watu wanahangaika, yule bwana akajikokota akaegemea benchi la mbele, akakaa wima. Kidogo kidogo uso ukapoa, jasho likakata. Kanisa lote likalipuka kwa vigelegele.

Mzee akamfuta uso kwa leso yake mwenyewe. Akasema, "Umeona nguvu ya maombi, mwanangu?"

Yule bwana akasema, "Nimeiona, Mzee, na naomba uniombee tena. Ila urudi nyuma kidogo, ulikuwa umekanyaga mrija wangu."

Mnacheka. Chekeni, lakini mjue mnamcheka nani. Maana yule mzee ni sisi. Sisi tunampenda mgonjwa, tunafunga kwa ajili yake, tunamlilia. Lakini ni nani kati yetu aliyewahi kumuuliza mwili wake unataka nini? Wale watafiti walimuuliza, wakampima, wakasikiliza jibu, na jibu hilo ndilo lililomwokoa. Mungu alikuwa ameshajibu maombi kabla ya ile Jumapili, akayaweka majibu kinywani mwa mgonjwa mwenyewe, nasi tukamwambia atulie.

Wapo wenzetu hapa mbele kwenye viti vyao. Leo hakuna atakayetolewa kwenye kiti asipotaka. Tutawaombea, na tutaomba kwa nguvu. Basi simameni. Msifumbe macho bado. Kwanza kila mmoja atazame chini, aone amekanyaga nini.