Jina la Mtoto na Joka la Ngome ya Moshi

Hapo zamani. Msinitazame hivyo, sikusema zamani ya sungura kumkopesha fisi. Nasema zamani ya juzi juzi tu, watu wana simu mifukoni na bado wanagombana kama kawaida. Ninayowaletea ni kesi, si hadithi ya kulalia. Nikimaliza mtaihukumu, na atakayeinama kufunga viatu nitajua anakwepa.

Tukuyu palikuwa na mtu akiitwa Asajile. Nyuma ya nyumba yake alikuwa na chumba cha gemu: mabenchi, runinga kubwa, na bati linalopiga kelele mvua ikinyesha, na mnajua Tukuyu mvua haiji kutembea, mvua ni mwenyeji. Chumba kile kilikuwa na sheria moja. Ukifa, unampisha mwenzako. Uwe mkubwa, ukifa unampisha mwenzako. Uwe Asajile mwenye chumba chake na runinga yake, ukifa unampisha mwenzako. Hakuna cha "ngoja kidogo", hakuna cha "pedi imeteleza". Unaitoa pedi, kile kidude cha kuchezea, unarudi benchi, mwingine anakaa, anaendelea pale ulipofia.

Na gemu iliyopendwa kuliko zote ilikuwa Ngome ya Moshi. Mle ndani kuna mtu wa upanga, wao walimwita Kamanda. Anapita msituni, anapanda mlima, anavuka daraja, anaingia ngomeni, anaua joka. Ndivyo ilivyosemwa. Joka lenyewe hakuna aliyewahi kuliona, kwa sababu diski ya Asajile ilikuwa na mkwaruzo, na ilikuwa ikiganda pale pale darajani. Vijana walianza kuicheza hawana ndevu, wakaota ndevu, wakaoa, na Kamanda bado ameinua mguu mmoja darajani hajaushusha.

Basi ikaja habari kwamba gemu ile imetengenezwa upya. Njia ile ile, joka lile lile, ila imesafishwa, imepakwa rangi, imewekewa sauti mpya. Asajile akahangaika huku na huku mpaka akaipata. Na wiki hiyo hiyo mkewe, Atupele, akajifungua mtoto wa kike.

Sasa hapo ndipo vita ilipoanza. Mama yake Asajile alitaka mtoto aitwe jina la ukoo wa baba. Mama yake Atupele alitaka jina la ukoo wa mama. Huyu akisema lake, yule anasusa uji. Yule akisema lake, huyu anakumbuka ana safari ya kurudi kwake. Wanaokuja kumwona mtoto wakiuliza anaitwa nani, wanajibiwa kwa kukohoa. Asajile, mwanamume jasiri, alijificha kwenye chumba cha gemu.

Atupele akamfuata huko huko, mtoto mkononi, usingizi umemjaa machoni.

"Baba, hii gemu yako mpya ina joka?"

"Inalo."

"Basi atakayeliua, mwanangu ataitwa jina lake. Mama zetu wamenishinda. Labda joka watalisikiliza."

Alisema kwa uchovu, nusu utani. Lakini wale mabibi waliposikia, wakakubali wote wawili, tena haraka. Kila mmoja aliona heri mtoto aitwe jina la mpita njia kuliko jina analolitaka mwenzake. Na msiniulize jina la kiume kwa mtoto wa kike itakuwaje, majina mengi ya kwao hayabagui.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi mchana. Chumba kilijaa. Atupele alikaa benchi la mbele na mtoto, mabibi wakasimama mlangoni, mmoja huku na mwingine kule.

Wa kwanza kushika pedi alikuwa Lusajo, seremala, rafiki wa Asajile tangu utoto. Lusajo na mkewe walikuwa wameishi kwenye ndoa muda mrefu bila kupata mtoto. Wanapendana, hawana ugomvi, ila watoto hakuna. Hakumwambia mtu kwa nini alikuwa wa kwanza kufika siku ile, na hakuna aliyehitaji kuambiwa.

Akaiwasha. Jamani, ilipendeza. Majani yanatikisika, maji yana mwanga, na mvua ya mle ndani ilinyesha sawasawa na ya nje mpaka mzee mmoja akavuta viatu vyake visilowe. Lakini tusidanganyane, kasoro zilikuwepo. Nyuso za watu wa mle ziling'aa kama watoto waliopakwa mafuta na mama mwenye haraka. Na Kamanda, pamoja na nguo zake mpya, alikuwa bado anaruka kama amevaa gambuti, kama zamani. Na ule uzuri wa majani ulikuja na balaa lake, kwani ulifunika njia. Mahali palipokuwa na kijia cheupe sasa pana nyasi, maua na ukungu. Mtu mwingine angezunguka msitu ule mpaka Krismasi. Lusajo hakuzitazama nyasi. Alikuwa anakumbuka: kisimani kushoto, kwenye mwamba uliopasuka piga ukuta, panda. Njia ilikuwa kichwani mwake, akaifuata.

Akafika darajani. Kamanda akainua mguu, halafu akaushusha, akaendelea kutembea. Asajile alilia, nawaambia, mtu mzima alilia mbele ya mama mkwe wake na hakujali, kwa furaha. Lusajo naye akageuka kumtazama rafiki yake, akicheka. Kumbe ng'ambo ya daraja pana mlinzi mwenye mkuki. Wa ng'ambo ile Lusajo atamjulia wapi? Alipogeuza macho, Kamanda yuko chini.

Ukifa, unampisha mwenzako. Lusajo akatoa pedi.

Wa pili alikuwa Ipyana, dada msusi, mwenye vidole vinavyosuka kichwa kizima huku anakutazama machoni anakusimulia habari za watu. Gemu ya zamani hakuwahi kuigusa. Lakini ng'ambo ya daraja wote walikuwa wageni, na kati ya wageni mwenye vidole ndiye mwenyeji. Akamwangusha mlinzi. Akapanda ngazi. Akafungua mlango wa ngome, na joka likatoa sauti hata bati likajibu.

Sauti ile peke yake ilitosha kuifanya gemu iwe na thamani. Ila aliyeweka ile kamera ya gemu, lile jicho linalomfuata Kamanda, Mungu anamwona. Ipyana akirudi nyuma kidogo, kamera inajificha nyuma ya nguzo, na kwenye runinga unabaki unatazama jiwe. Akienda kulia, jiwe. Akienda kushoto, joka, halafu jiwe. Na bado alipigana. Alipiga, akakwepa, akapiga, ule mstari wa damu ya joka juu ya runinga ukapungua, ukapungua, ukabaki kama uzi wa kushonea kifungo. Pigo moja tu lilibaki. Hapo hapo kamera ikaingia nyuma ya nguzo, na Ipyana akawa anapigana na jiwe. Moto ukatoka nyuma ya jiwe, Kamanda akaungua.

Ipyana alishusha pedi taratibu. Akasema yeye hakufa, amefichwa. Watu wakamwangalia Asajile, na Asajile akaangalia vidole vya miguu yake. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo kwamba sheria ni sheria.

Ukifa, unampisha mwenzako.

Sasa sikilizeni vizuri. Kwenye gemu ya zamani ukifa, adui anapona, unaanza naye upya. Waliotengeneza hii mpya waliwahurumia watu, wakaacha majeraha ya adui yabaki. Kwa hiyo joka lilikuwa limesimama pale na uzi wake wa damu, linamngoja wa tatu.

Na wa tatu alikuwa Mwalimu Ndaki. Mwalimu alitokea Shinyanga, alikuwa amepanga chumba kwa Asajile miaka mingi, na alikuwa na tabia moja iliyowachosha watu: hagusi kitu mpaka asome kila neno lililoandikwa kwenye runinga. Akishika pedi, wenzake hutoka kwenda kunywa chai. Siku hiyo hawakutoka, lakini waliguna. Mwalimu akafungua ukurasa wa vitufe, akasoma. Akasoma tena. Kumbe waliotengeneza walikuwa wameacha kitufe kimoja, ukikibonyeza rangi yote mpya inavuliwa na gemu inarudi na sura yake ya zamani.

Akakibonyeza. Mwanga ukaondoka, ukungu ukaondoka, joka likawa la pembe pembe kama limechongwa kwa shoka. Na nguzo zikawa nyembamba kama vijiti vya ufagio, kamera haina pa kujificha. Mwalimu akasogea hatua mbili, akapiga mara moja. Joka likaanguka.

Furaha iliyokuwepo pale siwezi kuisimulia ikatosha. Watu walikumbatiana, wengine walikuwa wamelingoja joka lile tangu shule ya msingi. Mabibi wenyewe walijisahau wakashikana mikono, ndipo wakaachiana.

Lakini kelele zilipotulia, kila mtu akamgeukia Atupele. Atupele akawaita wale watatu waseme.

Lusajo akaanza. Akasema bila yeye wangekuwa bado kisimani wanachuma maua. Akasema pia kwamba pigo la mwisho lilipigwa ndani ya sura ya zamani, na sura ile ndiyo aliyokaa nayo ujana wake wote, hivyo hata mwalimu ameshinda kwenye shamba la Lusajo. Halafu akaikuna mikono yake.

"Shemeji, nisizunguke. Mimi sina mtoto. Nataka siku moja nisikie mtu anaita Lusajo uani, halafu aitike mwingine, si mimi. Lakini kama ni kwa kunihurumia, usinipe. Nipe kwa sababu ya njia."

Watu wengine waliangalia bati.

Ipyana hakulia wala hakubembeleza. Akasema joka alilikuta na damu tele akaliacha na uzi, na kwamba kamera ni kosa la waliotengeneza gemu, si lake.

"Dada, mtu akilima shamba zima, jembe likamvunjikia kwenye mstari wa mwisho, aliyekuja kung'oa jani moja ndiye aitwe mkulima? Na huyu ni mtoto wa kike. Mpe jina la mwanamke aliyepigana na kitu ambacho hata hakioni."

Mama yake Atupele akaitikia kwa kichwa. Mama yake Asajile alipoona hivyo, papo hapo akampenda Lusajo.

Mwalimu Ndaki akasimama kama yuko mbele ya darasa.

"Mama mwenye nyumba, ulisema atakayeliua. Hukusema atakayeonyesha njia. Hukusema atakayelichosha. Kile kitufe kilikuwepo tangu mwanzo, kila mtu angeweza kukisoma, na mimi ninayechekwa kwa kusoma ndiye niliyekisoma. Watoto wa mtaa huu wote nimewafundisha mimi, na bado naitwa yule Msukuma. Mtoto wa hapa akiitwa Ndaki, nitajua nimefika."

Mabibi wakatazamana. Jina la Kisukuma kwenye mji wao. Kwa mara ya pili tangu mtoto azaliwe walikuwa na wazo moja, ila hawakuthubutu kulisema, maana ahadi waliikubali kwa midomo yao.

Asajile alipoulizwa, akasema anakwenda kuangalia jenereta. Jenereta hana.

Mtu mmoja akatoa wazo mtoto apewe majina yote matatu. Atupele akakataa. Akasema mwanawe si kanga, kila mtu aandike anachopenda. Mtoto ana jina moja la kuitikia, na yeye mama ndiye atakayeliita asubuhi na jioni. Mwingine akasema warudie gemu. Akakataa tena, joka limeshakufa, na sasa kila mtu anakijua kitufe.

Basi, wenzangu, kesi ndiyo hiyo. Kuna aliyejua njia mahali uzuri ulipoifunika. Kuna aliyefanya kazi yote, akaangushwa na kosa lisilo lake. Na kuna aliyefanya kile hasa kilichoahidiwa, kwa pigo moja, kwa sababu alisoma wengine walipokuwa wanaguna. Ukimpa wa kwanza, wa pili atauliza vidole vyake vilikuwa vya nini. Ukimpa wa pili, wa tatu atauliza ahadi ilikuwa ya nini. Ukimpa wa tatu, Lusajo atakwenda nyumbani kwa mkewe, atasema mtoto amepata jina zuri, na atasema kweli, kwani moyo wake ni mwema, halafu atakaa kimya jioni nzima.

Mtoto ameamka. Hajalia, amefumbua macho tu anamtazama mama yake. Atupele ameshafungua mdomo amwite kwa mara ya kwanza, na wale watatu wamesimama mbele yake hata hawahemi. Haya, ninyi mliosikia yote: anaitwa nani?