Bi Nguchiro Anachagua Mtaala

Haya, sogeeni!

— Tumesogea!

Masikio mmekuja nayo?

— Tumekuja nayo!

Yote mawili?

— Yote mawili!

Moja la kuingizia na jingine la kutolea?

— Yote ya kuingizia!

Basi fungueni njia, hadithi inapita.

— Ipite, ikae, ile nasi!

Itakula wapi, na makande yenyewe bado yanachemka? Mimi njaa inaniuma, kwa hiyo atakayenikatiza atapewa mchuzi mtupu. Salha, acha kumchokonoa mwenzio. Nimeanza.

Palikuwa na nguchiro mmoja, mama wa watoto wengi. Wengi kweli kweli, si wale wengi wa kusema "kwetu tuko wengi" halafu ukifika unakuta watatu na paka. Ukimwita mmoja, nusu yao wanaitika. Wa kwanza aliitwa Kurupu, msichana mkubwa mwenye maswali. Wa kati aliitwa Chacharika. Kitindamimba aliitwa Kipunje. Waliobaki mama yao mwenyewe aliwaita "wewe na wewe." Baba yao alikuwepo, alikuwa amelala.

Walikaa ndani ya kichuguu kilichohamwa na mchwa, chenye ukumbi katikati na vitundu kila upande. Na walisomea humo humo nyumbani. Somo lilikuwa moja tu: kula bila kuliwa.

Sasa mnajua nguchiro anavyovunja kitu kigumu? Anakishika kwa mikono ya mbele. Anaupa mwamba makalio. Anakirusha kinyumenyume katikati ya miguu. Pwaa! Kinapasuka, anageuka, anakula. Kipunje alirusha dundu, yule mdudu wa gamba gumu, ta! Chacharika alirusha konokono, pa! Kurupu alirusha yai la kanga, pwaa! Somo moja, mwamba mmoja, kila mtoto na kitu cha kimo chake, na mkubwa anamshika mdogo. Kulikuwa na mayai mawili ya mbuni pia, yametelekezwa porini, wakayaviringisha mpaka ukumbini kupitia tundu kubwa lililochimbwa na muhanga. Hayo hakuna aliyeweza hata kuyanyanyua. Hayo yalikuwa chuo kikuu.

Basi siku moja wakubwa wa pori wakakaa. Wakanywa chai. Wakatoa tamko: kila mzazi anayefundisha nyumbani achague mtaala unaoeleweka, na mkaguzi atapita. Watoto wakifeli, wanapelekwa shule ya bweni.

"Na bweni ni la nani?" akauliza Bi Nguchiro.

"La Bwana Chatu."

"Na mkaguzi ni nani?"

"Bwana Chatu."

"Aa," akasema Bi Nguchiro. "Mmefikiria sana."

Wakubwa wakafurahi kusifiwa.

Huyo Chatu alikuwa mnene kama paja la mtu mzima, mrefu ajabu, na mpole wa maneno. Bi Digidigi alimpelekea mwanawe, mtoto pekee, na kikapu cha majani mabichi. Likizo ikafika, mtoto haji. Akaenda kuuliza. Chatu, tumbo limetuna, akamjibu, "Mama, kijana wako amezama kwenye masomo. Hatoki." Bi Digidigi akarudi nyumbani analia, majirani wakampa hongera.

Bi Nguchiro hakulala vizuri tena. Aliwatazama wanawe wamelaliana, mikia hapa, pua pale, akaogopa, akaogopa sana. Asubuhi akatoka kutafuta mtaala.

Akaenda kwa Kasuku. "Shoga, mtaala wako ukoje?"

"Rahisi! Nasema, wanasema. Nasema, wanasema."

Akaupima kwa wanawe. Kipunje akaupenda. Kurupu akauliza, "Kwa nini?" Akajibiwa, "Kwa nini?" Akanuna. Siku mwewe alipokuja, watoto wote walisimama wima wakaimba vizuri kabisa, "Mwewe! Mwewe! Mwewe!" Na hakuna aliyekimbia. Bi Nguchiro ndiye aliyewasukumia tunduni kwa makofi. Akamshukuru Kasuku, akachukua kipande, kile cha kuimba, akaondoka.

Akaenda kwa Kobe. "Mzee, mtaala wako ukoje?"

Kobe akafikiri. Jua likasogea. "Usiharakishe," akasema. "Somo la kwanza ni kuingiza kichwa ndani na kungoja."

Akaupima kwa wanawe. Chacharika akaingiza kichwa tunduni, makalio nje, mvua ikamnyeshea. Bi Nguchiro akamshukuru Kobe, akachukua kipande, kile cha kungoja, akaondoka.

Akaenda kwa Twiga. "Dada, mtaala wako ukoje?"

"Mtoto atazame juu," akasema Twiga kutoka huko huko juu. "Mitaala mingine yote inawafundisha kutazama chini."

Akaupima kwa wanawe. Wakatazama juu, wakatembea, wakatumbukia shimoni. Mmoja, mwingine, mwingine, tumbu, tumbu, tumbu! Bi Nguchiro akamshukuru Twiga, akachukua kipande, kile cha kutazama, akampa Kurupu peke yake akae juu ya kichuguu awe macho ya nyumba. Akaondoka.

Majirani hawakumwacha. Huyu anamwambia, "Changanya." Yule anamwambia, "Usichanganye, utawaharibu." Mwingine, hana hata mtoto mmoja, anamwambia, "Mimi ningekuwa wewe..." Mnawajua hao. Hata hapa mtaani tunao, na kesho watapita.

Ndipo nyasi zikalia shwaa, shwaa, shwaa. Kurupu akapiga kelele juu ya kichuguu. Chatu huyo, anatabasamu.

"Hodi kwa Bi Nguchiro."

"Karibu, Bwana Mkaguzi. Karibu hapo hapo ulipo."

"Nasikia unaokota vipande vya mitaala ya watu."

"Nina watoto wengi, bwana. Nguo moja haiwaenei wote. Napunguza hapa, naongeza pale."

"Kosa!" akasema Chatu. "Kubwa sana! Mtaala haukatwi. Haupunguzwi. Hautafunwi. Mtaala mzuri unamezwa mzima. Mimi tangu nizaliwe sijatafuna kitu, na tazama nilivyo."

"Umependeza," akasema Bi Nguchiro.

"Chagua wangu mimi. Mtaala mmoja kwa wote, mkubwa na mdogo sawasawa. Na bweni langu lina nafasi. Linatanuka kadiri wanafunzi wanavyoingia."

Pale mbele Kipunje alikuwa anarusha dundu lake. Ta! Chatu akacheka mpaka mkia ukatikisika. "Na hii nini? Kuupa mwamba makalio! Hii imo kwenye mtaala gani? Keshokutwa nakuja kukagua. Sitakula kitu mpaka siku hiyo, nije na akili nyepesi."

Akaondoka, shwaa, shwaa, shwaa. Kurupu akashuka chini mbio. "Mama, tutafeli?"

"Tutachagua mtaala wake," akasema Bi Nguchiro. Watoto wakaanza kulia. "Nyamazeni. Nimesema tutauchagua. Sijasema nani ataufuata."

Wakafanya kazi. Wakakanda udongo, wakaziba lile tundu kubwa la muhanga, wakapiga lipu, likakauka, likawa gumu kama sufuria. Vikabaki vitundu vya kawaida. Mayai mawili ya mbuni yakabaki ukumbini, meupe, yamepangwa juu ya majani kama chakula cha mgeni.

Siku ikafika. Shwaa, shwaa, shwaa! Chatu, mwembamba kwa njaa, macho yanang'aa.

"Wanafunzi wako wapi?"

"Darasani, bwana. Ndani."

"Nitaingia niwakague. Mmoja mmoja."

"Ingia, bwana. Ila kuna kachakula ka mkaguzi katikati. Si rushwa, ni desturi yetu tu."

"Desturi naiheshimu," akasema Chatu, na kichwa kikawa kimeshaingia tunduni.

Akaenda, nyiri, nyiri, nyiri. Akafika ukumbini. Hakuna mwanafunzi. Lakini mayai! Mayai ya kujaza mdomo! Mngemwona, mate yalivyomtoka. Angeweza kuyavunja kwanza. Mwamba ulikuwa nje, na hata Kipunje angemwonyesha. Lakini mtaala ni mtaala. Akalimeza la kwanza zima. Gluup! Akalimeza la pili zima. Gluup! Yakashuka, yakakaa tumboni yamefuatana, magumu vile vile kama yalivyotagwa.

Watoto walikuwa wamengoja nje, vichwa chini, kimya, kama alivyowafundisha Kobe. Mama akawapa ishara. Wakaanza kuimba upande wa pili, kama alivyowafundisha Kasuku: "Shikamoo mwalimu! Shikamoo mwalimu!"

"Wako huko!" akasema Chatu. Akaingiza kichwa kwenye tundu la upande wa pili. Kichwa kikatoka nje. Shingo ikatoka. Akavuta. Kubwii! Tumbo limegoma.

Akarudi nyuma. Kubwii! Tumbo limegoma.

Mbele, kubwii! Nyuma, kubwii! Kichwa nje upande huu, mkia nje upande ule, na mkaguzi amebaki katikati ya nyumba ya watu kama kamba ya suruali iliyofungwa fundo.

"Bi Nguchiro! Nitoe!"

"Bado unakagua, bwana."

"Nitayatapika!"

"Shingo yako iko ndani ya tundu. Yai litapita wapi? Na mtaala wako unasema kitu hakikatwi. Sijui tufanyeje."

"Nitawafelisha wote!"

"Utatufelishia hapo hapo?"

Basi watoto, waliposhiba kucheka, wakaenda upande wa mkia. Na Bi Nguchiro akafundisha. Kipunje akajifunza rangi kwenye madoa ya Chatu. Chacharika akajifunza kuhesabu madoa yenyewe, akipotea anaanza upya. Kurupu akapima kwa hatua kutoka mkiani mpaka kichuguuni, akakadiria kilichomo ndani, akasema mkaguzi ana urefu mwingi kuliko kazi yake. Mkaguzi mmoja, darasa moja, kila mtoto na kipimo chake. Hata baba yao aliamka kuja kutazama, halafu akalala.

Bi Digidigi akapita. Akakiona kile kichwa kimening'inia. Akasimama mbele yake kwa mbali, akauliza kwa sauti ndogo, "Mwanangu atarudi likizo gani?"

Chatu akatazama pembeni. Watoto wakaacha kucheka. Kurupu akaenda akamshika mama yule mkono, akamkalisha karibu na mwamba wao. Mimi mpaka leo nikifika hapa napangusa macho. Wewe usinitazame hivyo, ni moshi.

Jioni wingu likatanda, mvua inakuja, na nyumba ya Bi Nguchiro imezibwa na afisa wa serikali. Hakutaka wanawe walale nje. Akaenda mbele ya kichwa.

"Sikiliza, bwana. Nikikutoa, utatangaza nini?"

"Kwamba wanao wamefaulu!"

"Na bweni?"

"Nimelifunga! Limefungwa! Hakuna mtoto wa mtu atakayeingia humu tena!"

"Sema kwa nguvu, Twiga asikie."

Akasema kwa nguvu, Twiga akasikia, na ndege wakasikia, na wakubwa wa pori wakasikia wakiwa wanakunywa chai.

"Sasa," akasema Bi Nguchiro, "dawa yako ni ndogo. Lakini imo kwenye lile somo ulilolicheka."

Watoto wakaingia ukumbini kwa vitundu vya pembeni. Kila mmoja na jiwe la kimo chake. Wakalipa tumbo la mkaguzi makalio. Wakarusha kinyumenyume katikati ya miguu. Kipunje, ta! Chacharika, pa! Kurupu, pwaa! Wewe na wewe, pwaa, pwaa! Chatu nje huko analia, "Wuii! Wuii! Mmefaulu! Nimesema mmefaulu!" Ta! Pa! Pwaa!

Krraak! Yai la kwanza. Krraak! Yai la pili. Tumbo likasinyaa. Chatu akateleza kinyumenyume, surururu, akatoka, akatokomea porini bila kuaga.

Ndivyo watoto wa Bi Nguchiro walivyomaliza chuo kikuu. Waliyavunja mayai ya mbuni, ila waliyavunjia tumboni mwa mkaguzi.

Na Chatu? Alipopona mbavu alikwenda kwa wakubwa wa pori, akawaambia mtaala wake umefanyiwa majaribio katika familia kubwa na matokeo yamemgusa sana. Wakatikisa vichwa kukubali. Wakampandisha cheo. Sasa ni mkaguzi wa wakaguzi, anakaa kwenye pango mbali sana, na njia ya kichuguu haipiti hata akiitwa harusini. Bi Digidigi yeye huja kila asubuhi kuwafundisha watoto kukimbia. Hakuna aliyemwita mwalimu kabla ya hapo. Akiitwa hivyo, hukimbia mbele yao kidogo ili wasimwone macho.

Hadithi yangu imefika kwake, imevua viatu.

— Na sisi tuko mlangoni!

Mafunzo mmeyapata?

— Bado!

Basi mafunzo ni haya. Watoto wapelekwe bweni mapema. Mtaala ni mmoja kwa wote, mkubwa na mdogo. Mkaguzi hana makosa. Na kila mnachoambiwa na mtu mzima, hasa mimi, mkimeze kizima kizima bila kutafuna.

Makande yameiva. Leteni sahani. Wewe Salha, polepole! Tafuna kwanza.