Joho la Mfalme Mwenye Mba

Hapo zamani, katika mji mmoja wa pwani, Faki aliunguza uji wake wa asubuhi kama alivyouunguza kila siku tangu afiwe na mkewe, Mize. Hilo ndilo jambo la mwisho la kawaida lililompata, kwani kabla hajakwangua chungu askari walifika, wakasema: "Mganga wa mba, unaitwa na mfalme."

Ukweli ni kwamba mganga alikuwa Mize. Kazi ya Faki ilikuwa kuchota maji na kupokea shukrani.

Basi mfalme yule alikuwa hajaosha kichwa tangu kutawazwa, maana mila ya nchi ilisema maji yataondoa baraka ya mafuta aliyopakwa. Ikawa mba inamnyeshea mabegani, na joho lake jeusi kama limekuniwa nazi.

Faki alipofikishwa mbele yake, mfalme akamtazama kichwa. "Ewe Faki, mganga wa nywele nawe una upara?"

"Naam, Bwana wangu. Dawa ilipofukuza mba, nywele nazo zikaogopa."

"Sikiliza. Kesho nina wageni. Isionekane hata chembe ya mba kwenye joho langu. Lakini kichwa changu hakiguswi kwa maji, kwa majani wala kwa mkono. Ukishindwa, nakikata hicho chako."

Faki akarudi nyumbani. Nguo nzima aliyokuwa nayo ni moja, bafta nyeupe aliyojiwekea iwe sanda yake. Akashinda akiishona joho, mshono mmoja mrefu, mmoja mfupi.

Kesho yake mfalme akalivaa mbele ya wageni. Mba ikaanguka, nyeupe juu ya nyeupe, na hapana aliyeona kitu.

Wageni walipoondoka, mfalme akafoka: "Hii ndiyo dawa, mjinga wewe?"

"Bwana wangu hakuagiza iishe. Aliagiza isionekane."

"Na bafta umeitoa wapi, fukara?"

"Ni sanda yangu. Niliona leo lazima mmoja wetu aivae."

Mfalme akacheka mpaka mba ikamnyeshea upya. Kisha akajikuna, akauliza kwa sauti ya chini: "Na kuwashwa, Faki?"

"Kuwashwa hakuna joho lake, Bwana wangu. Huko ujanja wangu umekwisha, yanatakiwa maji na ndimu. Na baraka inayoondoka kwa ndimu haikuwa imeshika sana."

Mfalme akajikuna tena. "Njoo asubuhi," akasema.

Asubuhi Faki akatwanga majani ya mkunazi, kama alivyokuwa akifanya Mize, mpaka yakatoa povu, akayakamulia ndimu. Akamvua mfalme kilemba, akamwinamisha juu ya bakuli la shaba, na kama anavyoambiwa mtu yeyote, akamwambia afumbe macho.